Mgongo Kwenye Karatasi ya Pamba

Nyumbani walimwita Mkaa, na wala si kwa rangi yake. Hakukuwa na kitasa, glasi wala taulo aliyoigusa ikabaki bila alama za vidole vyeusi. Kazi yake ilikuwa kuchora watu kwa kipande cha mkaa, na si kwa kunakili picha za kwenye simu. Alitaka mtu mwenyewe, aliye hai, akae mbele yake apumue. Ukimpelekea picha ya mchumba wako akuchoree, anakujibu umlete mchumba. Ndiyo maana wateja wake walihesabika, na ndiyo maana aliyemkalia kila Jumapili mchana alikuwa shangazi yake, ambaye hakuwa na ujanja wa kumkwepa.

Shangazi huyo ndiye aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa. Alikuwa fundi cherehani, na katika kazi inayowapinda watu kabla hawajaota mvi, yeye alizeeka akiwa wima. Alikaa kwenye stuli isiyo na egemeo tangu asubuhi, akashona, na jioni akainuka bila kushika kiuno wala kuguna. Mtaani walimjua kwa mgongo ule. Na Mkaa, kabla hajalijua jina lake vizuri, alilijua neno moja: nyooka. Akila, nyooka. Akisoma, nyooka. Akilia kwa sababu ameambiwa anyooke, anaambiwa anyooke kwanza ndipo alie.

Basi yalipotangazwa maonyesho makubwa ya wachoraji, yale ambayo kila alipojaribu alirudishiwa kazi yake, Mkaa hakuumiza kichwa kutafuta wa kumchora. Angemchora shangazi kwa nyuma, ameketi kwenye stuli kuelekea dirishani, kavaa lile gauni lake la nyumbani lililokatwa chini mgongoni. Shangazi alicheka mpaka akashikilia cherehani.

"Wenzangu wanachorwa sura, mimi nachorwa mgongo! Kwani uso wangu umekukosea nini?"

"Uso wako kila mtu anao kwenye simu, shangazi. Mgongo hakuna aliye nao."

Walikwenda pamoja kununua karatasi. Muuza karatasi, mtu mpole mwenye miwani iliyoning'inia kwenye kamba, aliwatandazia kaunta nzima. Shangazi akawa anazishika moja moja kati ya kidole gumba na cha shahada, kama anavyoshika kitambaa, kafumba macho mbele ya mwenye duka. Ile laini inayong'aa aliisukuma pembeni, akasema mkaa utateleza tu humo. Nyingine aliiona nyembamba. Kisha akashika moja kubwa, nzito, yenye uso wa kukwaruza kidogo, akafumbua macho.

"Hii ina pamba."

"Ni pamba tupu, mama," muuza karatasi akasema. "Na kubwa namna hiyo imebaki hiyo hiyo moja. Nyingine sijui zitakuja lini."

"Mkaa unaishika?"

"Unaishika mno, hilo ndilo tatizo lake. Ukifuta mara moja inakubali, mara mbili inanung'unika. Ukizidi hapo inaota manyoya, na manyoya hayo hayaondoki."

"Basi hatafuta," shangazi akajibu, na kumpiga Mkaa kofi dogo la bega. "Huyu ana jicho."

Wakaongeza bunda la karatasi za gazeti zisizochapwa, zile nyepesi za rangi ya kijivu ambazo mchoraji huzitumia kupasha mkono moto kisha akazisahau. Njiani shangazi ndiye aliyeibeba ile ya pamba, kaiviringisha ndani ya shuka safi, na kila aliyemsalimia aliambiwa humo ndani kuna mgongo.

Kazi ya kuchora mtu yule yule kwa Jumapili nyingi ina taabu moja: mtu si meza. Ukimwinua akanywe chai, hatakaa tena vile vile. Kwa hiyo Mkaa alibandika sakafuni vipande vya utepe wa gundi, vya miguu ya stuli, vya visigino vya shangazi, na vya nyayo zake mwenyewe. Kati yake na shangazi alining'iniza uzi wenye nati ya baiskeli mwishoni, akawa anaufuata kwa jicho moja toka shingoni hadi kiunoni.

"Sasa hiyo si timazi ya waashi?" shangazi akauliza bila kugeuka. "Unanichora au unanijenga?"

Kila Jumapili alianza na ile ya gazeti. Mstari wa kizingiti cha dirisha, mstari wa uzi, kisha shangazi kwa haraka haraka, mabega, kichwa, uti wa mgongo. Akishaandika tarehe pembeni, anaitupia uvunguni, basi, imekwisha. Ndipo anaifunua ile ya pamba, na hapo hata pumzi yake ilibadilika. Jumapili ya kwanza alichora umbo zima kwa mstari mwepesi, na mabega ya shangazi yakakaa juu kidogo ya kizingiti, sawasawa, yametulia. Aliporudi nyuma kuutazama mchoro alihisi joto kifuani. Safari hii hawatamrudishia.

Jumapili kadhaa zilikwenda vizuri. Kisha ikaja moja ambayo bega la kushoto lilikataa. Kwenye karatasi lilikuwa juu ya kizingiti; kwenye stuli lilikuwa limeshuka, limegusana na kizingiti chenyewe. Mkaa akafumba jicho moja, akafumba jingine. Akaona makosa ni yake. Mchoraji yeyote angedhani hivyo: ukisimama pengine, au ukiinamisha kichwa kidogo tu, kila kitu mbele yako kinapanda au kinashuka. Akakagua utepe wa nyayo zake. Alikuwa pale pale. Akakagua stuli. Nayo ilikuwa pale pale.

Angekuwa anachora kwenye karatasi ya gazeti, angechukua nyingine akaanza upya, na kwa kuanza upya angelazimika kuyakubali mabega yalivyo. Lakini hii ilikuwa ya pamba, ilikuwa moja, na ilikuwa haipendi kufutwa. Kwa hiyo hakuigusa. Alimgusa shangazi.

"Shangazi, nyooka."

Walicheka wote wawili mpaka shangazi akafuta machozi. "Limenirudia! Miaka yote nakwambia wewe, leo limenirudia mwenyewe." Akavuta pumzi, akanyooka, na bega likapanda mahali pake.

Jumapili iliyofuata likashuka tena. Nyooka, shangazi. Iliyofuata likashuka mapema zaidi, hata chai haijaiva. Kicheko kikawa kifupi, kisha kikawa hakuna. Mkaa akakunja kitambaa mara nne akakitia chini ya paja la kushoto, bega likasawazika, naye akajisifu kwa kuvumbua njia. Uzi wa timazi ulipita mbali na uti wa mgongo kwa upana wa kidole, halafu viwili, na kwenye karatasi za gazeti alichora hivyo hivyo, kwa sababu mkono wake ulifundishwa kuchora kilichopo. Akazitupia uvunguni. Kwenye ile ya pamba alichora mgongo wa Jumapili ya kwanza.

Tungeweza kumtetea tukasema hakujua. Alimchora kwa nyuma, uso hakuuona. Lakini kuna Jumapili moja mawingu yaligubika ghafla, nje kukawa giza, na kioo cha dirisha kikaanza kuonyesha chumba kilivyo ndani. Mkaa akainua macho kutazama bega, akakutana na uso wa shangazi kwenye kioo. Macho ameyafumba. Mdomo wa chini ameung'ata.

Mkaa alisimama na kipande cha mkaa hewani. Alikuwa amebakiza kivuli cha bega tu, kivuli kidogo, na mwanga ulikuwa unaondoka.

"Umechoka, shangazi?" Aliuliza kwa ile sauti ya mtu anayeomba ajibiwe hapana.

Shangazi akafumbua macho haraka. "Hapana, mwanangu. Wewe maliza."

Akamaliza.

Mchoro ukanyunyiziwa dawa ya kushikisha mkaa, ukatiwa fremu na kioo, ukapelekwa. Haikupita wiki barua ya kukubaliwa ikaja, na shangazi akaisoma kwa sauti mbele ya wateja wake, aliyekuja kupunguziwa suruali na aliyekuja kuulizia tu. Siku iliyofuata aliinama kuinua beseni la nguo uani, akasikia kitu kimelia ndani ya mgongo kama kijiti kikivunjika, na hakuweza kuinuka.

Daktari alikuwa mama wa makamo anayeongea polepole. Alimbonyeza bonyeza mgongoni, akamuuliza maumivu yameanza lini.

"Juzi," shangazi akasema. "Ni hilo beseni."

"Kabla ya hapo, hakuna? Hata kidogo? Hukuwahi kuona unapinda, nguo zinakaa upande?"

"Mimi? Muulize yeyote. Mimi nimenyooka mpaka watu wananichora."

Daktari akacheka, akamgeukia Mkaa. "Na wewe unayeishi naye, hukuona kitu?"

Swali jepesi kabisa. Mkaa alifungua kinywa, na alichokiona mbele yake si daktari, ni ule mdomo uliong'atwa kwenye kioo. Akasema, "Sikuona, daktari."

"Haya. Kama ni la juzi, tutalitibu kama la juzi. Dawa ya maumivu, apumzike, arudi mwezi ujao. Kama lingekuwa la kushuka polepole ningetafuta mengine, lakini sina haja ya kumchosha mama kwa vipimo asivyovihitaji."

Njia nzima shangazi aliusimulia utani wake wa kuchorwa, akilalia kiti cha nyuma cha teksi, na dereva akawa anacheka. Mkaa alitazama nje. Alijua sasa kwamba amemdhulumu mara mbili. Kwanza alimnyoosha kwa nguvu, na leo amemnyang'anya vipimo, na kwa hili la pili hakuwa na karatasi ya kuisingizia.

Alipomlaza, alikwenda chumbani kwake akapiga magoti, akazivuta zile karatasi za gazeti uvunguni. Zilikuwa zimeshaanza kugeuka njano pembeni. Akazipanga sakafuni kwa tarehe, na alipofika mwisho akabaki amekaa chini, mikono mapajani. Hakuhitaji jicho la mchoraji kuona. Mwanzoni mabega yalikuwa juu ya kizingiti. Kisha yakagusa. Kisha yakazama, la kushoto likitangulia, kichwa kikisogea mbele, na uzi ukiuacha mgongo kidogo kidogo. Mkono wake mwenyewe ulikuwa umesema ukweli kila Jumapili, naye akawa anautupia uvunguni.

Alijitia hamnazo kwa nusu saa, akaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Halafu akapiga moyo konde, akazikusanya, akaingia kwa shangazi, akazitandaza kitandani.

"Nini tena, mwanangu? Nimelala hivi unataka kunichora?"

"Shangazi, nilikuwa naona."

"Unaona nini?"

"Nilikuona unashuka. Tangu kabla ya beseni. Nilikuwa nakuambia unyooke ili ufanane na karatasi." Akaketi pembeni ya kitanda. "Na ile siku ya mawingu nilikuona kwenye kioo. Nilikuona, nikamaliza kivuli."

Shangazi akazichukua moja moja, akaziweka karibu na macho, na kidole chake cha kushonea kikawa kinafuata mstari wa mgongo toka juu hadi chini. Kwenye moja kikasimama. "Hapa ndipo ilianza kuuma. Nikasema ni baridi." Akachukua nyingine. "Hapa nilikuwa sipati usingizi." Akafika ile ya mwisho, akaitazama muda mrefu. "Na mimi nilivyokuwa najikaza kisabuni. Nikasema nisiuhamishe mwili, mtoto ataharibu karatasi. Si niliichagua mimi?"

"Nisamehe, shangazi."

"Ungeniambia." Hakuipandisha sauti, na ingekuwa afadhali angeipandisha. "Wengine wote wananiona mbele. Mimi mwenyewe mgongo wangu siuoni, mwanangu. Aliyekuwa anauona ni wewe."

Hapo Mkaa akalia, na hakuna aliyemwambia anyooke kwanza.

Kesho yake walirudi kwa daktari na karatasi zikiwa kwapani. Mkaa alisema mwenyewe, kabla hajaulizwa, kwamba jana alisema uongo. Daktari hakumkaripia. Alizipanga juu ya kitanda cha wagonjwa, akazipitia mara mbili, akaagiza picha ya eksirei na damu ipimwe. Majibu yalipotoka aliwaita wote wawili akawaonyesha kwa ncha ya kalamu. Pingili tatu za mgongo zilikuwa zimebonyea. Ya chini ilitangulia, ya juu yake ikafuata, na ya tatu ndiyo ya beseni. Mifupa ya shangazi ilikuwa imekuwa miepesi, ikivunjika bila hata ya kuanguka. Dawa zipo, alisema, na zitazilinda zilizobaki. Atavaa mkanda wa mgongo, na asikae tena kwenye kiti kisicho na egemeo.

"Na hizi tatu?" Mkaa akauliza.

"Zilizobonyea hazirudi."

"Ungemwona ilipokuwa imebonyea ile moja tu?"

Daktari akaitazama ile karatasi ya kati, halafu akamtazama Mkaa, na alikuwa mtu mwema kwa hiyo akachagua maneno. "Ningeanza dawa mapema," akasema. Mkaa aliyajumlisha mengine mwenyewe.

Alipofika nyumbani alitangaza kwamba anakwenda kuuondoa mchoro kwenye maonyesho. Hawezi kusimama mbele ya watu akasifiwa kwa kitu kile. Ameshavaa viatu. Shangazi, aliyekuwa anafundishwa na jirani kufunga mkanda, akanyoosha mkono kumzuia.

"Unakwenda kuondoa nini?"

"Ni uongo, shangazi. Nusu ya mgongo ule haikuwepo."

"Ulikuwepo. Niliuvaa miaka yote hii, nitausahau?" Akavuta mkanda, akakunja uso, akaachia. "Sikiliza. Huu mwingine umeshaharibika, na wewe una mkono wako humo, sitakudanganya. Ule wa kwenye karatasi ndio niliobaki nao. Usiuguse."

Mkaa akavua viatu.

Siku ya kufungua maonyesho shangazi alitaka kwenda, na alipotaka jambo hakuwa na wa kumzuia. Alivaa gauni jipya alilolishona kwa kukaa na kupumzika, kwa siku nyingi, na alikuwa ameliongeza kitambaa mgongoni na kulifupisha mbele, kwa sababu vipimo vyake vya zamani havikumfaa tena. Alitembea polepole, kamshika Mkaa mkono, kichwa kimetangulia. Kwenye ukumbi waliuona kwa mbali. Ulikuwa umetundikwa peke yake kwenye ukuta mweupe, na taa yake.

Shangazi akasogea karibu kabisa, mpaka pua ikakaribia kioo. Watu wakajaa nyuma yao. Mmoja akasema huo ndio mgongo. Mwingine akasema tazama karatasi ilivyoushika mkaa, hakuna hata palipofutwa. Na kijana mmoja mwenye adabu zake akainama karibu na sikio la shangazi.

"Samahani, mama. Sogea kidogo tu upande, tuuone vizuri."

Shangazi akasogea.

Mkaa alihisi damu imempanda usoni. "Ndiye huyu," akasema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Mliyemwambia asogee. Ndiye huyu niliyemchora."

Wakageuka wote. Walimtazama shangazi, wakautazama mchoro, wakamtazama tena shangazi, na wakatafuta neno la heshima wasilipate. Mtu mmoja akasema, "Aa, kweli?" na ndilo likawa neno pekee.

Shangazi aliwaona. Akauachia mkono wa Mkaa, akawageuzia mgongo, akatazama mchoro wake. Kisha akavuta pumzi, na mabega, yote mawili, yakaanza kupanda.

Mkaa alikuwa amesimama ubavuni. Kwenye kioo cha fremu, juu kabisa ya mgongo ule wa mkaa, aliuona uso wa shangazi. Macho ameyafumba. Mdomo wa chini ameung'ata.

"Usinyooke, shangazi," akamnong'oneza, na kumwekea kiganja mgongoni juu ya mkanda. "Nakuomba. Usinyooke."

"Ngoja kwanza waondoke," shangazi akasema, bila kufumbua macho.

Na akabaki hivyo, kanyooka kadiri alivyoweza, mpaka wakaondoka.